Diwani au utenzi? Vitabu vya kuanza navyo, viwili viwili

Mtu aliyezoea riwaya akitaka kuingia kwenye ushairi wa Kiswahili, ushauri anaopewa huwa ni uleule: anza na utenzi, maana una kisa, diwani waachie waliobobea. Nimeusikia ushauri huo tangu darasani na siuafiki. Zipo tenzi zitakazomkimbiza msomaji mpya asirudi tena, na zipo diwani ambazo hata asiyewahi kufungua kitabu cha mashairi bila kulazimishwa na mtihani atazimaliza, kisha aulize kama mtunzi ana nyingine.

Mimi hupima kwa njia nyingine. Kabla ya kuuliza kama kitabu kina kisa au hakina, nauliza: huyu anayesema humu ndani anasema na nani? Mama anayemuusia binti yake, mfungwa anayewajibu waliomfunga, mke anayewashtakia watu wa ukoo wake mambo ya mumewe, hawa hunishika hata wangetunga kwa bahari gani, yaani kwa umbo lolote la ushairi. Mshairi anayeuhutubia ulimwengu mzima kwa mpigo mmoja mara nyingi huniacha njiani. Basi nitavipambanisha vitabu kadhaa kwa kipimo hicho, na mwishoni niseme nani achukue kipi. Haya ni maoni ya msomaji tu. Panapoegemea ladha yangu hutapata shida kupaona.

Umbo kwanza, kwa haraka, kwa waliosahau. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani 8, yaani silabi 8, kila kimoja. Vitatu vya mwanzo vinashirikiana kina, na cha nne kinabeba kina kingine ambacho kitarudi katika kila ubeti mpaka utungo uishe. Shairi la kimapokeo tulilolizoea lina mishororo minne ya mizani 16, imekatwa katikati, ina kina cha kati na cha mwisho, na mara nyingi mshororo wa mwisho hurudiwa. Diwani hukusanya tungo za namna hiyo, au za namna nyingine yoyote, chini ya jalada moja. Kwa msomaji tofauti kubwa ni hii: kina cha mwisho cha utenzi kikishakaa masikioni kinakusukuma, unautaka ubeti unaofuata hata kabla hujauelewa uliopita. Shairi la diwani hukusimamisha. Likiisha limeisha, na ukilirukia la pili hapohapo umelidhulumu la kwanza.

Mtunzi mmoja, vitabu viwili

Abdilatif Abdalla wa Mombasa anaturahisishia kazi, kwa sababu ametoa vyote viwili katika miaka iliyokaribiana: Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa mwaka 1971, na diwani ya Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Mkono ni uleule, na Kimvita, lahaja ya Mombasa, ni kilekile. Kwa hiyo ukiona kimoja kimekunasa na kingine hakikukunasa, huwezi kusema tatizo ni kipaji cha mtunzi.

Kisa cha Adamu na Hawaa kila mtu anakijua kabla hajafungua kitabu. Kuumbwa, Iblisi kukataa kusujudu, tunda, kuteremshwa duniani. Kile kinachosifiwa kuwa ndiyo chambo cha utenzi, yaani hamu ya kujua kitakachotokea, humu hakipo. Unachokifuata ni usimulizi wenyewe: jinsi beti zinavyopokezana, jinsi Iblisi anavyopewa ulimi wa kushawishi. Nikiusoma kimyakimya naona unanywea. Nikiusoma kwa sauti unasimama. Tenzi nyingi ziko hivyo, maana zilitungwa zighanwe mbele za watu, na anayezisoma kwa macho peke yake amejinyima nusu ya kitabu.

Sauti ya Dhiki ina habari nyingine kabisa. Mwaka 1968 Abdilatif, kijana wa miaka ya ishirini na kidogo, alisambaza waraka wenye kichwa Kenya: Twendapi? Alikuwa upande wa KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga, na serikali ikauhesabu waraka ule kuwa uchochezi. Alihukumiwa miaka 3 akatoka mwaka 1972. Mashairi aliyatunga humo gerezani kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Sijui riwaya ngapi zingethubutu kumalizia hivyo.

Ukiyajua hayo, diwani inaacha kuwa mkusanyiko wa tungo mbalimbali. Mashairi yametoka gerezani, kwa mtu mmoja, na kila ukigeuza ukurasa unajiuliza kama huyu mtu atavunjika. Katika "Siwati" anakataa kuliacha alilolishika. Katika "Mamba" na "Jipu" anasema kwa mafumbo, na fumbo linakuwa na makali zaidi kwa sababu unajua kwa nini hawezi kusema waziwazi. "Kuno Kunena" ni malalamiko ya aliyefungiwa kwa sababu ya kusema. Anasema na nani? Na waliomfunga, na wenzake waliobaki nje, na nafsi yake usiku. Wote watatu unawasikia wakisikiliza.

Napenda hasa "Mnazi: Vuta N'kuvute", majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi. Wengi huusoma kama fumbo la nchi na wanaoihodhi, na nadhani wako sahihi, lakini hata ukiliweka fumbo kando ni ugomvi mtamu wa kifamilia, wenye kejeli na visingizio vya kweli vya watu wanaofahamiana mno. Wape watu wawili wausome kwa zamu, mmoja upande huu mwingine upande ule, uone jinsi baraza litakavyochangamka. "Usiniuwe!", ambamo mtoto aliye tumboni anamsihi mama yake, sikuukubali kwa hoja zake, ila siwezi kukataa kwamba ni mahali pengine ambapo mtunzi alimchagua msemaji na msikilizaji kwa jicho kali.

Kwa hiyo mwenye kutaka kisa, kati ya vitabu hivi viwili achukue diwani. Najua inasikika kinyume. Kikwazo pekee ni Kimvita chenyewe, kwa msomaji wa bara aliyelelewa na Kiswahili sanifu. "Wata" ni acha, "mato" ni macho, na vitenzi vya wakati uliopita vina sura usiyoizoea. Usikimbie. Soma kwa sauti shairi zima kabla ya kutafuta neno lolote, kisha rudia na kamusi. Baada ya mashairi machache maneno yanaanza kujirudia na sikio linakuwa limezoea.

Beti 102 na beti 3000

Mwaka 1858 huko Siyu, kisiwa cha Pate, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Sayyid Said wa Unguja kwa miaka mingi, alikuwa amekwisha kufa. Mama huyu akamwita binti yake, Mwana Hashima, asogee karibu na achukue wino na karatasi, akamtungia wasia wa beti 102. Unaweza kuumaliza kabla chai haijapoa, na ukabishana nao wiki nzima.

Nasema kubishana kwa makusudi. Mama anamfundisha binti kwamba radhi anazozihitaji kiumbe ni tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, kisha hiyo ya tano inapewa nafasi kubwa kuliko ambavyo wasomaji wengi wa leo wangependa. Mume akitoka aagwe, akirudi alakiwe, akilala asisumbuliwe. Nimewahi kukutana na wasomaji waliokifunga kitabu hapo. Mimi sikukifunga, kwa sababu nyuma ya maagizo hayo namsikia mjane aliyekaa na mwanamume wa vita, anayejua kifo kimemkaribia, na anayemwachia mtoto wa kike silaha pekee alizoziona zikifanya kazi katika mji ule na zama zile. Kuna mahali sauti inashuka na wasia unakuwa dua. Nikifika hapo, mabishano yangu yote kuhusu mume na radhi yake huwa nimeyasahau.

Upande wa pili nimemweka Shaaban Robert na Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967, miaka 5 baada ya kifo chake. Beti 3000 kuhusu vita vya 1939 hadi 1945. Kama kazi ya mkono ni ajabu: mtu mmoja, karani wa serikali ya kikoloni Tanganyika, ambaye hakuwa askari, akayageuza mapigano ya dunia nzima kuwa vipande vya mizani minane na kina kisichoyumba. Kama kitabu cha kusoma tangu mwanzo hadi mwisho, hapana. Majina ya nchi, majemadari na miji yanapita mfululizo, na sauti ya mwandishi ninayemjua kwa upole wake imefunikwa na mizinga. Anamhutubia kila binadamu aishiye na atakayezaliwa, na mimi kama mmoja wao nasinzia. Mpenda historia ataupenda kwa kuchagua sehemu: soma mwanzo wa vita, ruka, soma mwisho.

Ushahidi kwamba si utenzi wenye kosa, wala si Shaaban Robert, uko katika kitabu chake kingine. Ndani ya Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ameingiza tenzi mbili za wasia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Hapo mzee amekaa na watoto wake, na kila ubeti unajua unakokwenda. Katika kitabu hichohicho kuna shairi la kumlilia mkewe Amina, ambalo watu wengi wanalijua hata bila kujua limetoka wapi. Ukiweka Hati kando ya wasia wa Mwana Kupona unapata mazungumzo ya karne moja kuhusu kumlea binti, moja kutoka kwa mama wa Siyu, jingine kutoka kwa baba wa Tanga. Na baba huyo, kwa maoni yangu, hana ukali wa macho wa yule mama. Anajua mengi kuhusu maadili. Mama anajua mengi kuhusu wanaume.

Mashujaa na vita

Kama kuna utenzi ninaoweza kumpa mtu anayetaka hadithi tu, na asiyetaka kuambiwa lolote kuhusu mizani, ni Utenzi wa Fumo Liyongo wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. (Kijumwa huyo alikuwa pia mchonga nakshi na mwandishi wa khati nzuri, na beti zake zina umaliziaji wa fundi.) Sultani wa Pate anamhofu Liyongo, jitu lenye nguvu na kipaji cha ushairi, na anamtia kifungoni. Mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada. Askari wanakula kilicho kizuri, wanamwachia mfungwa mkate wa wishwa, yaani wa pumba. Liyongo anaimba. Ndani ya wimbo ameficha agizo kwa mama yake: tia tupa katikati ya mkate huo ambao hakuna askari atakayeutaka. Kisha anaagiza ngoma ipigwe, na kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa ikikata chuma.

Angalia lililotokea hapo. Mtunzi anasimulia umma, hana msikilizaji maalumu, kwa hiyo kipimo changu kingemwangusha. Lakini ndani ya kisa kuna shairi linalomsemesha mtu mmoja huku masikio mengine yote yakidanganywa, na maisha ya mtu yametegemea kama litaeleweka. Sijaona mahali pengine ambapo ushairi umepewa kazi nzito hivyo. Mwisho wake, wa sindano ya shaba na mwana anayemsaliti babaye, siuelezi zaidi kwa asiyeujua.

Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi (Wajerumani) kuutamalaki Mrima, pwani ya Tanganyika, ni wa kumfuatisha Liyongo, usiutangulize. Umetungwa muda mfupi baada ya vita vya 1888 na 1889, na mtunzi ni mtu wa pwani hiyohiyo, kwa hiyo hasira yake kwa Wajerumani ni mbichi na huruma yake kwa kina Bushiri, waliowapinga, haijifichi. Thamani yake kwangu ni kwamba ni Waswahili wenyewe wakisema, kabla wanahistoria hawajaanza kutusemea. Ila unahitaji kujua matukio kidogo kabla, la sivyo majina yatakuchanganya.

Bila vina: Kichomi na Wimbo wa Lawino

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi, na ndipo wasomaji wengi wapya wanapopaswa kuingilia, ingawa walinzi wa vina na mizani hawatafurahi kusikia hivyo.

Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi mwaka 1974. Alikuwa tayari anajulikana kwa riwaya, naye akaja na diwani isiyofuata vina wala mizani, yenye lugha ya watu wanaozungumza. Zogo lililozuka lilidumu miaka. Wengine walisema hayo si mashairi kabisa, wengine wakasema ushairi umepata pumzi mpya, na mwaka 1984 Jumanne Mayoka alikuwa bado anaandika kitabu chenye kichwa Mgogoro wa Ushairi. Leo ukisoma Kichomi utashangaa ugomvi ulitokea wapi. Ni kitabu kitulivu. Mtu anatembea, anatazama ziwa, anakumbuka Namagondo, kijiji chake cha Ukerewe, anashika kisu mkononi na kuyapima maisha. Katika "Dhamiri Yangu" dhamiri imemfunga kamba kama mbuzi malishoni, na urefu wa kamba ndio mpaka wa uhuru wake.

Kezilahabi anasema na nani? Na nafsi yake. Hilo lingeweza kuwa kasoro kwa kipimo changu, lakini yeye anajisemesha kwa uaminifu kiasi kwamba unajiona umesimama mlangoni, unasikia usiyoambiwa. Kuna siku hilo ndilo hasa mtu analolihitaji. Kuna siku nyingine ambapo huzuni yake inalemea, na mashairi matatu yanatosha. Sikushauri kuimaliza Kichomi kwa mkao mmoja. Ukiipenda, Karibu Ndani ya mwaka 1988 na Dhifa ya 2008 zinaonyesha alivyozidi kufupisha na kufumba. Nazipenda kwa mpangilio huohuo, ya kwanza zaidi, ya mwisho kidogo.

Sasa mweke kando yake Lawino. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu nchini Uganda, alitoa Song of Lawino kwa Kiingereza mwaka 1966, na tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino, ikatoka mwaka 1975. Ni sehemu 13, na zote ni kinywa kimoja: mke wa kijijini ambaye mumewe Ocol, msomi, amemletea mke mwenza wa kisasa, Clementine, na anamdharau yeye kwa kuwa hajui kusoma saa, hajui kupika kwenye jiko la kizungu, hajui kucheza dansi ya kukumbatiana. Lawino anamgeukia mume, anawageukia watu wa ukoo, anarudi kwa mume. Anatukana kwa ufundi. Maelezo yake ya vipodozi vya Clementine yatakuchekesha mpaka uone aibu kwa kucheka, halafu ghafla anasema jambo kuhusu vitabu vilivyomhasi mumewe, na kicheko kinakauka.

Hakuna vina vya kukusukuma mbele. Kinachokusukuma ni mwanamke aliyeumia ambaye hajamaliza kusema. Hii ndiyo riwaya ya kishairi hasa. Kila sehemu inaweza kusimama peke yake kama shairi la diwani, lakini ukisoma moja utataka kujua Ocol atajibu nini. Alijibu, mwaka 1970, katika Song of Ocol, na kuanza kwa kumwambia anyamaze afungashe mizigo yake. Nilimsoma kwa hamu na nikatoka nimechoka. Ocol hamsikilizi Lawino, anapaza sauti juu ya kichwa chake akilihutubia bara zima, na mtu wa namna hiyo hachukui muda kuchosha. Huenda Okot alikusudia hivyo. Bado Lawino ndiye nitakayemrudia.

Je, Kichomi au Lawino? Anayeishi na watu wengi, anayependa maneno ya barazani, anayecheka kwa sauti akisoma ndani ya daladala, amchukue Lawino. Anayependa kusoma usiku wengine wamelala achukue Kezilahabi.

Niongeze neno kwa vijana wanaosoma Kiingereza na waliokwisha kupenda riwaya za kishairi za Marekani za miaka ya karibuni, kama The Poet X ya Elizabeth Acevedo ya 2018 au Long Way Down ya Jason Reynolds ya 2017. Mwenye kupenda Xiomara, msichana wa The Poet X, na daftari lake asipelekwe kwenye utenzi wa beti elfu. Apelekwe kwa Lawino, kisha kwa Mwana Kupona: wanawake watatu wanaobishana kuhusu mwili wa mwanamke ni wa nani, kila mmoja kwa jibu lake. Aliyependa ile lifti ya Reynolds, pamoja na wafu wanaopanda kila ghorofa, atamwelewa Liyongo haraka kuliko mwalimu wake anavyodhani.

Nani achukue kipi

Kwa asiyesoma ushairi kabisa: Lawino, bila kusita. Kwa anayeujua ushairi wa shuleni na kuuchukia kwa sababu ya kuhesabu mizani: Kichomi, mashairi machache kila jioni. Kwa mpenda siasa na aliyewahi kunyamazishwa mahali: Sauti ya Dhiki, na asome utangulizi kabla ya mashairi, maana mazingira ni nusu ya kitabu. Kwa mzazi, Mwana Kupona na Hati pamoja, hata kama atakasirika. Na kwa mzee anayesikia vizuri kuliko anavyoona, mtafutie mtu wa kumghania Liyongo.

Aliye mbali na kwao, Bonn au Muscat au Toronto, nitampa N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani, Mpemba aliyeko Ujerumani, iliyoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell upande wa ushairi mwaka 2015. Ni diwani ya mgeni ugenini, na inathibitisha kwamba vina vya kimapokeo havikuzeeka: bado vinabeba habari za mtu wa leo. Humo pia anayesemeshwa yuko wazi. Ni nyumbani.

Utenzi wa Adamu na Hawaa nauweka kwa mwezi wa Ramadhani au kwa yeyote anayependa kusoma kwa sauti mbele ya watu. Vita vya Uhuru nauweka kwenye rafu ya marejeo.

Kuhusu upatikanaji: Lawino wa Kiswahili ni mgumu kupatikana madukani, kwa hiyo anzia maktaba ya chuo au wauza vitabu vilivyotumika, na ukishindwa chukua Kiingereza, ambacho ni chepesi. Mwana Kupona na Liyongo vimechapishwa mara nyingi. Chagua toleo lenye maelezo ya maneno chini ya ukurasa, si nyuma ya kitabu, maana kufunua mbele na nyuma kila ubeti ndiko kunakowaua wasomaji wa tenzi za kaskazini, za Lamu na Pate. Sauti ya Dhiki ukiikuta kwa bei yoyote unayoimudu, inunue hapohapo. Nakala yangu niliiazimisha, na aliyeiazima ameiazimisha kwa mwingine.